Mhariri, kung'aa na kulainika ni vitu viwili

Ndugu mhariri,

Salaam kwako na kwa wote hapo gazetini. Mimi ni fundi wa kukereza mbao, yani mbao inazunguka kwenye mashine naichonga kwa patasi, niko Ngamiani hapa Tanga, kazi hii nimeishika toka nina miaka kumi na saba na sasa nina wajukuu wawili, mmoja ashaanza kuchezea maranda chini ya mashine kila siku namfukuza. Gazeti lenu nanunua Jumamosi kwa ajili ya mpira na ule ukurasa wa nyumbani, na huo ukurasa wa nyumbani ndio umenikalisha chini leo nishike simu niandike. Kuandika sio fani yangu, sentensi zikirefuka mnivumilie.

Wiki mbili nyuma mlitoa ushauri kwa mtu anayekwenda kununua fanicha. Mengi mlisema sawa kabisa, aangalie viungo, atikise meza, aangalie kama mbao haijabunguliwa. Sasa mlipofika kwenye vitu vya kukereza, miguu ya meza, matendegu ya kitanda, nguzo za ngazi, mkamwambia mnunuzi achague ile inayong'aa kama kioo kwasababu ndio iliyomaliziwa vizuri. Mhariri hapo hapana. Mbao inayong'aa kama kioo unaweza kuipata ndani ya robo saa, kopo la vanishi na brashi basi, na chini yake kazi ikawa imeoza.

Ngoja nikupe kisa. Siku tatu baada ya gazeti lile kutoka alikuja mama mmoja hapa karakana, mtu mzima, kabeba mti wa kusukumia chapati kauviringisha kwenye khanga kama kitoto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Fundi, hebu nitazamie huu mti, umeota malaika."

Nikadhani sijasikia. Akaufungua akanipa mkononi, na kweli ulikuwa umeota malaika, vinyweleo vidogo vidogo mbao nzima, ukipitisha kiganja kuelekea huku vinalala ukirudi vinasimama, kama shingo ya mtoto mchanga. Alinunua sokoni mwezi haujaisha, ulikuwa unang'aa mpaka ulimvutia macho. Akauosha mara ya kwanza ukawa mkavu mkavu, mara ya pili ukaota hivyo vinyweleo, mara ya tatu akaona kwenye donge la unga kuna vitu vya njano vyembamba kama magamba ya dagaa. Vanishi hiyo, inabanduka. Watoto wameshakula chapati ngapi zenye vanishi hakuna anayejua.

Nikamwambia mama huu sikufanya mimi. Akanijibu, "Nyote si mna mashine moja?" Nikacheka lakini iliniuma kidogo.

Sasa hayo malaika yanatoka wapi, hapa ndio penyewe. Mbao ni nyuzi, maelfu ya vijirija vimelala pamoja. Patasi kali inavikata. Patasi butu haivikati, inavikwangua na kuvilaza, alafu fundi anakuja na msasa mkavu anavikandamiza zaidi, ukipapasa unasema laini kumbe nyuzi zimelala tu kama nywele zilizopakwa mafuta. Vanishi ikija juu inazishikilia hapo hapo zikilala. Siku maji yakifika zinavimba, zinasimama. Hakuna uchawi. Na dawa yake ni rahisi mno mpaka inatia hasira kwamba watu hawaifanyi: unazisimamisha mwenyewe kabla mteja hajazisimamisha. Ukishamaliza msasa wako wa mwisho unachukua kitambaa kibichi, sio cha kuchuruzika, unaifuta mbao yote, unaacha ikauke vizuri, ukirudi unakuta imekuwa ya kukwaruza tena kama hukufanya kitu. Unaipitia kidogo tu na ule ule msasa wa mwisho, mkono mwepesi, unakata vile vilivyosimama. Kitu cha kuoshwa kila siku kama mti wa chapati, mwiko, bakuli, mimi nafanya mara mbili au tatu mpaka kikilowa kikakauka hakisimamishi kitu. Ndio hivyo tu. Ila inataka kungoja mbao ikauke, na kungoja hakuna anayekulipa.

Lakini nikisema msasa nakuwa nimeshawahi mbele, maana ulaini unaanzia kwenye patasi. Mzee aliyenifundisha kazi, Mungu amrehemu, msasa aliufungia sandukuni na ufunguo akautia kiunoni. Miezi sita ya kwanza sikuugusa. Ukimwomba anakwambia msasa sio panga. Alikuwa anataka kitu kitoke kwenye patasi kikiwa tayari unaweza kukiuza, alafu ndio anakuruhusu kukipitia. Alituambia zamani mafundi wa pwani hawakuwa na karatasi hii ya dukani, walitumia majani ya mti wenyewe unaoitwa msasa, ule wa jamii ya mkuyu, majani yake makavu ukiyapitisha kwenye ngozi yanakuchuna, na jina la karatasi limetoka hapo. Watoto wa siku hizi wanadhani jina limekuja na karatasi. Sasa hebu fikiri wewe mwenyewe, mtu una jani la mti mkononi, utaweza kuondoa na jani makovu ya patasi butu? Huwezi. Kwahiyo ilikuwa lazima patasi ikate.

Na kukata kwenyewe kuna sikio lake. Patasi ikiwa imenolewa kwenye kinoo mpaka inanyoa nywele za mkono, ukiipandisha mbao inazunguka inasema shiii, na maranda yanatoka marefu yanaruka begani kama utepe. Ikiwa butu inasema krrr na kinachotoka ni unga. Mimi nikiwa nje nakunywa kahawa nasikia kijana wangu ndani patasi imeanza krrr, namwita tu "noa", hahitaji kuniuliza nimejuaje. Kingine ni upande wa kukata. Kwenye mguu wa meza una vifundo na una mabonde, unakata ukiteremka, kutoka mgongoni mwa kifundo kwenda bondeni, hapo kila uzi unaokatwa umeegemea mwenzake aliye chini yake. Ukipanda mlima, yani kutoka bondeni kwenda juu, nyuzi hazina cha kuegemea zinang'oka, inabaki vishimo vidogo vidogo kama ndui. Hivyo vishimo hakuna msasa utavitoa labda uile mbao yote mpaka kifundo kiishe. Wengi wanavijaza gundi na unga wa mbao. Kikavu huoni, ukipiga vanishi vinatokea madoa meupe.

Nimetoka kwenye mada kidogo. Turudi kwenye msasa.

Kuna kitu kinaitwa haraka ya namba. Msasa una namba, ndogo ndio unaokwaruza sana, kubwa ndio laini. Kazi iliyotoka vizuri kwenye patasi mimi naanza na 120, naenda 180, 240, 320, na kwa kitu cha mpingo au cha kushikwa mkononi nafika 400 na kupita. Kila namba kazi yake ni moja tu, kufuta mikwaruzo ya namba iliyotangulia. Mtu anaanza na 80 kwasababu patasi yake butu alafu anaruka mpaka 320 kwasababu ana haraka, anaona mbao imelainika anashangilia. Ile mikwaruzo ya 80 ipo pale pale. Vanishi ikigusa tu, mistari inajitokeza imezunguka mguu mzima kama sahani ya santuri. Tena kwenye mashine mikwaruzo inakwenda kukata uzi wa mbao, sio kuufuata, ndio maana inaonekana kuliko ya seremala wa kawaida anayesugua kwa mkono kufuata uzi. Kwahiyo kila ukimaliza namba moja zima mashine, sugua kwa mkono kwa urefu wa mbao mpaka ile mistari ya duara ipotee, futa vumbi lote, alafu ndio ushike namba inayofuata. Kufuta vumbi sio usafi tu. Chenga moja ya msasa wa 120 ikibaki ukaja na 320 juu yake inakuchorea mstari wa kuzunguka na hutajua umetoka wapi.

Mashine inayozunguka inazilaza nyuzi upande mmoja. Mota yangu ni ya fezi tatu, nimeweka swichi ya kuigeuza izunguke kinyume, nikipiga msasa mbele kidogo nyuma kidogo nyuzi zinakosa pa kulala. Naomba anayesoma hapa asikimbilie kujaribu na kitu kilichofungwa kwenye sahani ya kuskrubu kwenye mhimili wa mashine, kikigeuzwa kinajifungua chenyewe kinakuja usoni. Kiwe kimebanwa huku na huku kwa senta mbili, zile ncha zinazoshika mbao kila upande.

Na mwendo mpunguze. Vijana wanapenda mashine iunguruma, wanapiga msasa kwenye mwendo ule ule waliokatia. Msasa hautaki mbio, ukienda mbio unaruka juu juu na unapasha mbao moto. Kipimo ni kidole chako, kidole kikiungua jua na mbao inaungua. Mpingo ukiupasha hivyo unapasuka nyufa nyembamba kama unywele kwenye kichwa cha mti, hutaziona siku hiyo, utaziona mteja akirudi.

Hapa niseme la usalama kwasababu nimelipia. Mwaka 1998 nilikuwa napolishi tendegu la kitanda, nina kitambaa cha fulana ya zamani nimekizungusha kwenye kidole ili nikaze vizuri. Kona ya kitambaa ikashikwa na mbao. Sikumbuki maumivu, nakumbuka sauti ya mota ilibadilika ikawa nzito kama inabeba mzigo, na mzigo wenyewe ulikuwa mkono wangu. Kilichoniokoa ni mkanda wa mashine, ulikuwa umelegea nilikuwa naahirisha kuubana wiki nzima, ukateleza kwenye puli. Nilipoteza ukucha na kiungo cha juu cha kidole cha shahada hakikunji vizuri mpaka leo. Toka siku hiyo napolishi kwa karatasi, hata tishu ya chooni ikikunjwa vizuri inafaa, ikishikwa inachanika inakuacha. Kitambaa unakiweka kinaning'inia kwenye ncha za vidole, hukizungushi. Glavu kwenye mashine ya kukereza usivae kabisa, mikono mirefu ya shati kunja. Kile kiegemeo cha patasi kiondoe kabla hujashika msasa, vidole vikiingia kati ya kiegemeo na mbao hakuna mazungumzo tena. Na msasa ushike chini ya mbao, sio juu. Mbao kwa juu inakuja kwako, kwa chini inakwenda mbali na wewe, ikikamata inakusukuma, haikuvuti.

Vumbi nalo. Mwaka 1995 lile shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la 1 la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Mvule unabana kifua, mninga unawawasha watu, mpingo unatoa upele. Mimi nilikuwa nafunga leso puani najiona nimejikinga. Leso haizuii lile vumbi jembamba linalotoka kwenye msasa wa 320, lile linaloelea kwenye mwanga wa dirisha dakika kumi baada ya kuzima mashine. Nunueni barakoa za kazi jamani, na feni iwekwe mgongoni kwako ikisukuma vumbi kwenda mlangoni.

Sasa polishi. Watu wakisikia polishi wanawaza kopo. Mhariri kuna kitu kimoja nataka waandishi wenu waje wakione kwa macho: ukishamaliza msasa wote, kabla hujapaka kitu chochote, chukua konzi ya maranda yaliyotoka kwenye mbao ile ile, safi, yasiwe na chenga za msasa ndani, uyabane chini ya mbao inayozunguka. Sekunde kumi na tano. Mbao inabadilika rangi mbele yako, inapata mng'ao wa chini kwa chini, kama ngozi ya mtu aliyetoka kuoga akajipaka mafuta kidogo. Hakuna hata tone la kitu. Mpingo ndio usiseme, ule mti mzito hata kuelea majini hauelei, na ndio wazungu wanatengenezea klarineti na oboi, una mafuta yake wenyewe, ukiusugua na maranda yake unajiona. Wapo wanaoupaka kiwi ya viatu nyeusi ili ufanane, na wapo wanaochukua mti mwingine kabisa wakaupaka kiwi wakauza kama mpingo, ukiushika kwa jasho unakuachia weusi kwenye kiganja. Hao tuwaache na Mungu wao.

Baada ya maranda, kama kitu ni cha jikoni, nta ya nyuki inatosha. Unabana kipande cha nta kwenye mbao inazunguka, inaacha utando mweupe mweupe, alafu karatasi juu yake ukikaza mpaka joto liyeyushe nta iingie. Tabora wanatoa nta nzuri sana, inanukia asali mpaka nyuki wanakuja dirishani, sisemi uongo wameshakuja. Vitu vya sebuleni napiga shelaki, ile inayotoka kwa wadudu wa India, unaiyeyusha kwa spiriti, unapaka nyembamba mbao ikizunguka taratibu inakauka pale pale. Tena nyembamba. Sio kuipaka kama uji. Miguu ya meza ambayo itamwagiwa chai na kupigwa deki, hapo sawa vanishi ndio mahali pake, sijasema vanishi ni adui. Mtiki tu muwe nao makini, huu wa Longuza kule Muheza tunaupata sana hapa, una mafuta, vanishi haiushiki vizuri mpaka uufute kwanza na tina. Nao unamaliza makali ya patasi haraka kwasababu una kitu kama mchanga ndani yake, ukiona fundi analalamika mtiki umemkwaruza mwulize amenoa mara ngapi.

Na kwa wanaotumia mafuta ya linsidi, matambara msiyafinyange mkayatupa pembeni. Yanapata moto yenyewe. Yatandazeni nje yakauke au yatieni kwenye ndoo ya maji. Nimewahi kukuta tambara langu linafuka moshi saa mbili usiku hakuna aliyeligusa.

Halafu kuna jambo hili la vanishi huwa linanichekesha na kunisikitisha, nisameheni nikiingiza historia. Karne ya kumi na tisa vanishi nzuri ya Ulaya na Marekani, ile ya magari ya farasi na fanicha za wakubwa, ilikuwa inatoka kwetu. Sandarusi. Watu walikuwa wanaichimba ardhini huku mrima, yani pwani hii ya bara, utomvu wa msandarusi uliozikwa miaka na miaka, unapelekwa Unguja, kutoka Unguja merikebu za Wamarekani zinaubeba mpaka Salem kule Massachusetts ambako kulikuwa na kiwanda kizima cha kuuosha. Sayyid Said, yule sultani aliyetawala Unguja, aliwekeana mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833 na sandarusi ilikuwa moja ya vitu walivyovifuata. Ile nzuri iliyokaa ardhini ikishaoshwa inaonekana na vipele kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Ile mbichi iliyotoka mtini juzi juzi watu wetu waliiita chakazi, haikuwa na bei, na wafanyabiashara wa kizungu walilisikia neno chakazi wakaligeuza kwa lugha yao likawa "jackass", jina la punda. Leo fundi wa Tanga ananunua vanishi ya kopo yenye maandishi asiyoweza kuyasoma, anaipaka juu ya mikwaruzo, na gazeti linamwambia mteja hiyo ndio kazi nzuri.

Sasa niwe mkweli kwasababu barua ya lawama tupu haina maana. Vijana hawafanyi hivi kwa kupenda ubaya. Mti wa chapati sokoni unauzwa bei gani? Ukitoa mbao, umeme, msasa, kijana anabaki na hela ya chai. Ukimwambia akae na mti mmoja anaulowesha anangoja ukauke mara tatu, atakuuliza wewe utanilipa? Mteja anashika miti miwili, mmoja unang'aa na mmoja haung'ai, bei moja, anachukua unaong'aa. Mara moja na mimi niliingia humo humo. Ilikuja oda ya nguzo za ngazi arobaini na nane za nyumba ya wageni, muda mfupi, na mwenye mali kila akija anauliza mbona hazijang'aa. Nikaruka namba, 80 kisha 240, sila, ile ya kuziba mbao kabla ya vanishi, mikono miwili, vanishi mikono mitatu. Akafurahi akanilipa na bakshishi juu. Ile nyumba nikipita naingia kwa kisingizio cha kusalimia, nagusa nguzo ya tatu kutoka chini, mistari ya santuri ipo pale pale. Hakuna anayeiona ila mimi. Sijui kama hiyo ni adhabu ndogo au kubwa.

Ndio maana nasema mteja akijua kuuliza, fundi atapata nafasi ya kufanya. Kwahiyo wale mnaokwenda dukani, macho yaacheni nyumbani, nendeni na mkono. Pitisha kiganja kwenda na kurudi, pande zote mbili, kikikwama upande mmoja ujue nyuzi zimelazwa. Kina mama mna kipimo kizuri kuliko chetu, mtandio. Chukua mtandio mwepesi uuburuze juu ya mguu wa meza, hasa kwenye mabonde na chini ya vifundo ambako fundi mvivu hafiki, ukinasa hata uzi mmoja rudisha. Inamisha kitu mbele ya dirisha mwanga uje kwa pembeni, mistari ya duara utaiona yenyewe hata vanishi iwe nene vipi. Na kama ni kitu cha jikoni kina vanishi inayong'aa, kiache hapo hapo.

Turudi kwa yule mama. Nilimwambia aniachie ule mti, nikaubana kwenye mashine nikautoa vanishi yote na patasi, chini yake nikakuta kumbe ni mti mzuri tu, mwembe, una mistari ya kahawia hivi imejipinda, mtu kaufunika bure. Nikaupitisha 120 mpaka 400, nikaulowesha mara tatu kwa siku mbili, nikausugua na maranda yake, nta kidogo sana. Ukiushika unateleza kama sabuni iliyotumika. Nikamwekea.

Jumamosi akaja. Akaushika, akaugeuza, akaupeleka mlangoni kwenye mwanga.

"Mbona haung'ai?"

Nikamweleza mama huu ndio wenyewe, uoshe utakavyo, hautaota tena. Akanitazama vile mama anavyomtazama fundi anayetaka kumwibia, akafungua pochi akatoa ukurasa wenu, kaukata vizuri na mkasi, kaukunja mara nne. Akanisomea ile sentensi yote, kwa sauti, vijana wangu wamezima mashine wanasikiliza. Alafu akasema nimpigie vanishi kidogo tu, atalipa.

Nimekataa. Kaondoka amekasirika, mti kauacha, na upo hapa dirishani mpaka ninavyoandika. Naomba ile sentensi muirekebishe Jumamosi inayokuja, kwenye ukurasa ule ule wa nyumbani maana ndio anaousoma, na muandike hata kwa maneno mawili kwamba mti wa chapati hautakiwi kung'aa. Hela simdai, nadai buku la msasa tu.

Mkereza mbao,
Ngamiani, Tanga